Taji la Kaa

Kazi ya Onetor ilikuwa kuwachekesha Waathene, na aliifanya vizuri, lakini tangu kiangazi kilichopita nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na mtu aliyecheka. Mdogo wake, Astilo, alikwenda Pelinthe, kisiwa cha adui, na merikebu za kivita. Alikuwa mpiga makasia wa safu ya chini, kule ambako mtu haoni bahari wala adui, huona mgongo wa mwenzake tu. Hakurudi. Wala mwili wake haukurudi, na kwa watu wa Atheni huo ni msiba juu ya msiba, maana maiti asiyezikwa hana pa kupumzika, na jamaa zake hawana pa kumwagia mvinyo wa kumkumbuka.

Kila mtu mjini alijua mambo yalivyokwenda. Manahodha wazee walisema msimu umekwisha, pepo zimegeuka, na kisiwa hakihami, kitangojwa hadi mwakani. Ndipo Kritodemo, msemaji aliyependwa na umati, aliposimama kule kilimani, mbele ya mkutano wa wananchi. Sauti aliyokuwa nayo mtu yule, hata aliyebaki sokoni aliisikia. Akasema wanaoogopa upepo wabaki nyumbani wasokote sufu. Hakuwahi kushika kasia maishani mwake, lakini hotuba zake zote alizimaliza kwa neno moja, ngumi juu: "Mbele!" Na watu ambao walikuja pale wakiwa wamekwisha kata shauri kukataa, wakajikuta wanaitikia, "Mbele!" Merikebu zikang'oa nanga. Dhoruba ikazikuta kwenye miamba ya Pelinthe, na waliorudi walikuwa wa kuhesabika.

Kritodemo alilia hadharani. Akasema miungu ndiyo iliyopanga. Akasema damu ya mashujaa isipotee bure: ziundwe merikebu nyingine, na bahari ikitulia, mara tu Sikukuu ya Dioniso, ile ya mashindano ya maigizo, ikiisha, wananchi wainue mikono warudi Pelinthe. Na kwa kuwa mbao za merikebu hizo alizitoa kwenye msitu wake mwenyewe, mkutano ukaazimia avikwe taji la dhahabu, mpiga mbiu alitangaze siku ya sikukuu katika uwanja wa maonyesho, wenyeji na wageni wote wakisikia.

Onetor alizisikia habari za taji sokoni. Alirudi nyumbani akaketi uani, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha upata mchezo wake wa mwaka ule.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kaa wa baharini, kundi zima, wanatoka majini na kuingia Atheni kwa ule mwendo wao wa ubavu ubavu, wanamtafuta Kritodemo. Wanataka kumshukuru. Tangu dunia iumbwe, wanasema, hakujatokea binadamu aliyewalisha kaa kama yeye. Zamani walikuwa wakiokoteza makombo kwenye miamba. Siku hizi wana vitambi, na watoto wao wanachagua chakula. Basi wamemsukia taji kwa magando yao wenyewe, la mwani na nyuzi za nyavu kuukuu, na ombi lao ni moja tu, kwamba mwaka huu pia asiwasahau.

Mtu wa kwanza kusomewa alikuwa Melina, mjane wa Astilo, ambaye bado alikuwa akiishi hapo nyumbani na mtoto wake mchanga. Onetor aliona kwamba kama kuna mtu mwenye haki ya kuuzuia mchezo ule, ni yeye. Melina alikuwa anasokota sufu. Alisikiliza bila kuinua kichwa, hata walipofika pale kaa wanaposifu karamu yao, vidole vikasimama.

"Shemeji," akasema, "unajua unachokifanya? Huyo wanayemla ni mume wangu."

Onetor akajibu kwamba anajua, na kwamba akimwambia autie moto, atautia sasa hivi na asimlaumu hata siku moja.

Melina aliutazama uzi ulioning'inia mkononi. "Watu wamekwisha lia," akasema hatimaye. "Wamelia na Kritodemo, bega kwa bega, hadi wakamsamehe. Kwa hiyo kilio hakitoshi, hilo nimeliona. Lakini wakicheka tu halafu wakaenda zao kula, basi mimi na wewe tutakuwa tumemzamisha Astilo mara ya pili. Ukiufanya, ufanye mpaka mwisho."

Akaurudia uzi wake.

Wakuu wa sikukuu walimpa Onetor kundi la waimbaji, kama walivyompa miaka mingine, na majira yote ya baridi wakafanya mazoezi kwenye ua mmoja nyuma ya karakana za wafinyanzi. Onetor mwenyewe alikuwa kiongozi wa kaa. Wale waimbaji wengi walikuwa wapiga makasia na wana wa wapiga makasia, watu wenye mapaja kama magogo, na ilichukua muda kuwafundisha kwenda ubavu bila kukanyagana. Sehemu ya Kritodemo alipewa Sanio, mwigizaji mfupi mnene, mtu wa maneno, ambaye angeweza kuiga hata mlango unaofungwa. Sanio alimfuata Kritodemo sokoni kwa siku kadhaa akimtazama anavyotembea, na aliporudi akaanza kutembea vile, hata mbwa wa wafinyanzi wakambwekea.

Siri ya mchezo haikukaa. Alasiri moja Kritodemo alifika mwenyewe pale uani, peke yake, na kiriba cha mvinyo mzuri begani. Waimbaji wakasimama kama waliopigwa na radi. Yeye akaketi kwenye gogo, akaomba waendelee, akatazama wimbo wa kaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamkaribisha Onetor kwenye kiriba.

"Ndugu yangu Onetor," akasema, "wenzangu walitaka nikushtaki. Nimewaambia waache ujinga. Nitakaa kiti cha mbele kabisa na nitacheka kuliko wote. Unajua kwa nini? Anayechekwa haanguki. Anayeanguka ni yule anayekasirika. Watu wakiona ninavyostahimili utani wako, watanipenda maradufu. Utakuwa umenifanyia kampeni bila ujira."

Akampiga begani kama wanavyopigana marafiki, akaondoka, kiriba akakiacha.

Onetor angependelea kushtakiwa. Mashtaka angeyajibu, mtu anayejicheka utamfanyaje? Alimweleza Sanio, na Sanio, ambaye hajawahi kukosa jibu, safari ile alikuna kichwa tu akasema labda mvua itanyesha. Usiku na mchana Onetor aliyapindua maneno ya mchezo wake, akayatia makali zaidi, akayafuta, akayarudisha. Kila alipoandika mzaha mpya alikiona kicheko cha Kritodemo kikiumeza mzima mzima. Mwisho akaacha. Alisema liwalo na liwe.

Siku ikafika. Uwanja chini ya mwamba wa Atena, mungu wa mji, ulijaa hadi juu kabisa, wageni wa visiwani wamebanana na wenyeji, watu wanatafuna njugu na tini kavu. Kwanza walipita vijana yatima wa vita waliolelewa na mji, wamevaa silaha mpya walizopewa, na baadhi yao zilikuwa kubwa kuliko miili yao. Kisha mpiga mbiu akatangaza taji la Kritodemo, na Kritodemo akasimama akavikwa dhahabu, akaangalia chini kwa unyenyekevu. Makofi yalikuwa mengi. Nyuma ya banda la waigizaji, ndani ya gamba la kaa lililotengenezwa kwa ngozi na kitambaa, Onetor aliyasikia makofi hayo hadi yakaisha.

Zamu yao ilipofika, Sanio alitoka kwanza. Kinyago chake kilikuwa na mdomo mpana kama mlango wa ghala, na hatua zake zilikuwa zile zile za mkubwa. Uwanja mzima ukamtambua kabla hajasema neno. Halafu filimbi ikalia, kaa wakaingia kwa ubavu, na vicheko vikaanza kupanda safu kwa safu. Kaa waliposimulia jinsi walivyonenepa, watu walicheka kwanza, halafu ukasikia wanakatiza kicheko, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye mkate. Onetor alijua hapo ndipo alipopataka. Sanio alijificha chini ya meza akipiga kelele kwamba Kritodemo hayuko nyumbani, amekwenda kwa kinyozi, na taji hilo apelekewe jirani.

Ndipo Kritodemo wa kweli aliposimama.

"Mbona mnamhangaikia huyo wa bandia?" akasema kwa ile sauti yake. "Kritodemo ni mimi. Niko hapa, na sijawahi kukataa zawadi."

Akashuka kutoka kiti cha mbele akaingia kwenye duara la wachezaji. Akalivua taji la dhahabu, akalishika kwapani kama mtu anayeshika kofia, akainama mbele ya Onetor ili avikwe mwani. Uwanja ukapasuka kwa shangwe. Watu walisimama, wakapiga miguu, wakaliita jina lake. Hawakuwahi kuona kitu kama kile, na yeyote angesema ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote siku hiyo.

Onetor akabaki na taji la mwani mkononi. Akimnyima, yeye ndiye atakayekuwa amekasirika. Akimvika, mchezo umekwisha, umekuwa wa Kritodemo, na kura ya Pelinthe imepatikana tayari. Kupitia matundu ya kinyago aliwaona wapiga makasia wote wa kundi lake, wale watu wenye mapaja makubwa, wamesimama na magando yao chini, wanamtazama. Hakuwa na mstari wowote wa kusema. Alichokuwa nacho ni sauti ya shemeji yake ikisema ufanye mpaka mwisho.

Akamvika. Mwani ulikuwa umelowekwa ili ung'ae, na maji yakaanza kumchuruzika Kritodemo masikioni. Onetor akangoja shangwe zitulie, hakuzikatiza. Kisha akasema kwa sauti ile nyembamba ya kaa:

"Mfadhili wetu, sisi kaa tuna adabu zetu. Mtu akikaribishwa akala akashiba, humshukuru mwenye nyumba, halafu huuliza na chakula kinaitwaje. Tumekula vizuri. Lakini tulikula bila kujua majina, na hilo limetukaa rohoni. Wewe ndiye uliyetuletea. Tutajie mmoja tu, tumshukuru na yeye."

Watu wakacheka kidogo, wakingoja jibu la mzaha.

"Wote ni mashujaa wa Atheni," akasema Kritodemo, bado anatabasamu.

"Hilo ni jina la wote. Sisi tunaomba la mmoja."

Kritodemo akafungua kinywa. Kila aliyekuwepo alikiona kinywa kile, kilichoweza kusema kutwa nzima bila kumeza mate, kimefunguka na hakitoi kitu. Alikuwa anatafuta. Ungeweza kumwona anavyotafuta, macho yakienda huku na huku, na maji ya mwani yanamdondoka puani. Watu waliokuwa na tini mdomoni waliacha kutafuna.

"Ni wengi mno, ndugu zangu," akaanza.

"Theotimo," ikasema sauti katikati ya uwanja. Alikuwa mzee mmoja, amesimama, anajishika kwa fimbo. Hakupaza sauti. "Mwanangu mimi aliitwa Theotimo."

Upande wa pili mtu mwingine akataja jina. Halafu mwingine. Halafu majina yakatoka pande zote, mengine yakigongana, mengine yakisemwa mara mbili kwa kuwa mwenyewe aliogopa halikusikika. Mwanamke wa heshima wa Atheni hapazi sauti mbele za watu, hilo linajulikana, lakini kutoka safu za juu kabisa, walikokaa wanawake, sauti moja ilikata hewa, na Onetor aliijua: "Astilo!" Ndani ya kinyago alikuwa analia, akashukuru kwamba kinyago hakibadiliki uso.

Lakini Kritodemo hakuwa mtu wa kufa mara moja. Msiba aliujua. Kwenye msiba ndiko alikozoea kushinda. Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwa watu, sauti yake ikashuka, ikatetemeka kama ilivyotetemeka kiangazi kile. "Lieni, ndugu zangu," akasema. "Lieni, nami nalia pamoja nanyi..." Na kweli, watu wa safu za mbele wakainamisha vichwa. Onetor akaona jambo linamponyoka tena.

Sanio ndiye aliyeokoa. Alitoka chini ya meza, akaja kusimama bega kwa bega na Kritodemo, akanyoosha mikono vile vile, akainamisha kichwa vile vile, akatetemesha sauti vile vile, hata ukawa huwezi kujua yupi ni yupi.

"Mimi nawajua!" akasema. "Nawajua wote! Tena walikuwa na jina moja tu, wote."

Onetor akajilazimisha. "Jina gani, mfadhili?"

Sanio akarusha ngumi juu. "Mbele!"

Kisha kikatoka kicheko ambacho Onetor hakuwahi kukisikia katika miaka yake yote ya kazi ile. Hakikuwa cha furaha na hakikuwa cha huzuni. Kilitoka chini, tumboni mwa watu wote kwa pamoja, wale wale ambao nyuso zao zilikuwa bado zimelowa, na hakikusimama. Yule mzee wa Theotimo alikuwa anacheka huku amejiinamia kwenye fimbo yake. Walimwona Kritodemo, sasa. Walimwona kinywa wazi, hana jina hata moja, na wakajiona na wao kule kilimani wakiitikia.

Kritodemo akangoja kiishe. Hakikuisha. Akajaribu kutabasamu, kikazidi. Akalishika taji la mwani alitupe, nyuzi za nyavu zikawa zimenasa kwenye nywele, akavuta, likakataa, akavuta tena, na hapo ndipo alipokasirika.

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Wajinga ninyi! Bila mimi mngekuwa nani?"

Hakuna aliyenyamaza. Akaondoka kwa hatua ndefu kupitia njia ya pembeni, mwani kichwani, na kaa, bila kuambiwa na mtu, wakapanga mstari wakamsindikiza kwa ubavu hadi mlangoni, wakiinamisha magando kwa heshima kila alipogeuka. Mpiga filimbi, mtu mwenye akili zake, akawapigia wimbo wa arusi.

Walimaliza mchezo kwa shida, maana kila Sanio alipofungua mdomo uwanja ulianza upya. Waamuzi walipotoa hukumu hawakukaa kushauriana. Onetor akavikwa taji la majani la washindi, na wale wapiga makasia wakambeba juujuu, gamba la kaa likiwa bado mgongoni, wakazunguka naye duara lote wakiimba. Alipowekwa chini njiani alimkuta Melina amesimama kando na mtoto mgongoni, shela imemteleza, macho mekundu.

"Shemeji, yule mfupi wako mshenzi sana," akasema. "Nimecheka mpaka mtoto ameamka." Na alipokuwa anasema hivyo kicheko kikamshika tena, akajiegemeza ukutani, na Onetor naye akacheka, na watu waliopita wakawapisha.

Siku chache baada ya sikukuu, wananchi walipanda kilimani kupiga kura ya Pelinthe. Kritodemo alikwenda, mtu yule hakukosa ujasiri, na alisema maneno mazuri, pengine mazuri kuliko siku zote. Lakini alipofika mwisho wa hotuba alisita. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, watu walikuwa wanalingojea, na wengine wameshaziba vinywa kwa viganja. Akashuka bila kulitamka. Baada yake akasimama nahodha mmoja mzee, akasema merikebu mpya zilinde pwani, na wajumbe wapelekwe Pelinthe kuomba mifupa ya waliozama ili izikwe, na wakiwa huko wazungumze amani. Mikono iliyoinuka ilikuwa msitu. Mpiga mbiu hakujisumbua kuihesabu.

Onetor alishuka kilimani pamoja na umati, bega kwa bega na watu asiowajua waliokuwa wanamshika mkono, akapitia soko la samaki. Muuza samaki mmoja, mwanamume wa mikono mikubwa, akatoka nyuma ya meza yake akamkamata nguo.

"Wewe ndiye Onetor? Njoo utazame." Akamwonyesha kapu limejaa kaa wazima, wanapandiana. "Tangu mchezo wako hakuna anayenunua. Akina mama wanapita hapa wanatema mate. Kwa nini hukuandika habari za jibini? Yule pale anauza jibini, ana dharau, na mimi na yeye hatuelewani."

Onetor akamwomba radhi kwa moyo safi, akaahidi kwamba mwakani atalifikiria suala la jibini.

"Na umtaje kwa jina," akasema muuza samaki. "Anaitwa Gripo. Usisahau."